Mlezi wa Kwanza: Lugha ya Mama na Malezi ya Imani katika Nyumba za Kikristo za Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha anayoitumia mama Mkristo anapomlea mtoto katika imani. Mifano imetolewa katika nyanda za juu za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba malezi ya imani, kabla hayajawa suala la mafundisho, ni suala la lugha. Mtoto hupokea kwanza maneno ya sala kutoka kinywani mwa mamaye, na maana ya maneno hayo huijua, au huikosa, kutegemea jinsi mama huyo anavyomfafanulia. Makala yanaanza na msamiati wa malezi, yanapitia historia ya lugha za sala katika eneo hili, kisha yanachambua maumbo na maneno machache ya sala ya nyumbani. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa wazazi na kwa wale wanaowafundisha.

1.0 Utangulizi

Wakristo wa madhehebu yote hukubaliana kwamba nyumba ndiyo shule ya kwanza ya imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1964, uliirejesha katika matumizi dhana ya kale ya familia kuwa Kanisa la nyumbani. Kwa upande wa Waanglikana, Umoja wa Mama, ulioanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876 na baadaye kuenea katika dayosisi za Afrika, ulisimama tangu mwanzo juu ya wazo kwamba malezi ya mtoto ni wito wenye heshima yake. Hata hivyo, maandiko mengi kuhusu jambo hili yameandikwa na wanateolojia na wachungaji. Wanaisimu wameligusa kidogo sana, ingawa shughuli yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni shughuli ya kusema na kusikia.

Mwandishi wa makala haya alijifunza kusali akiwa amekaa mkekani pamoja na ndugu zake, na kwa miaka kadhaa aliamini kwamba kishawishi kinachotajwa katika sala ya Baba Yetu ni shimo lililokuwa njiani kuelekea mtoni. Alimwomba Mungu asimtie humo kwa moyo wote. Sala ile haikuwa batili kwa sababu hiyo. Lakini mtoto alikuwa akiogopa shimo, na kile ambacho sala inamwonya nacho hakukijua. Swali la makala haya linatokana na pengo kama hilo: ni nini humfikia mtoto pale mama anapompa maneno ya imani, na ni nini hubaki njiani?

Tungo za mfano zilizotumiwa hapa hazikukusanywa kwa hojaji. Ni tungo za kawaida ambazo msomaji yeyote anayekijua Kiswahili atazitambua, na uchambuzi wake unaweza kuhakikiwa na kila mtu nyumbani kwake.

2.0 Mahali na Lugha Zake

Eneo linalohusika lina sura mbili. Upande wa mashariki ni milima ya Umatengo, yenye vijiji na misheni kama Litembo, Maguu na Mbuji, ambako watu hulima kahawa, mahindi na maharage. Upande wa magharibi nchi inateremka kwa ghafla hadi ufuoni mwa Ziwa Nyasa, kwenye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambako maisha hutegemea zaidi samaki na muhogo. Sehemu hizo mbili zilikuwa wilaya moja ya Mbinga hadi mwaka 2012, mwambao ulipotengwa na kuwa Wilaya ya Nyasa.

Kwa upande wa lugha, eneo hili ni tajiri. Katika uainishaji wa Guthrie, Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto huwekwa katika kundi la N10, na Kinyanja, ambacho wenyeji wengi hukiita Kinyasa, katika N30. Juu ya lugha zote hizi kimetandazwa Kiswahili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na nafasi yake ndani ya nyumba imeendelea kupanuka. Mtaalamu Nobuko Yoneda, aliyechapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 2006, ameonyesha katika kazi zake jinsi Kiswahili kinavyoingia ndani ya Kimatengo chenyewe, si kama lugha jirani tu bali kama sehemu ya usemi wa kila siku.

Kwa hiyo mama wa eneo hili hamlei mtoto katika lugha moja. Humbembeleza kwa lugha moja, humtuma kwa lugha nyingine, na mara nyingi humsalisha kwa ile aliyofundishwa kanisani. Mgawanyo huo wa kazi za lugha una historia, na una athari.

3.0 Msamiati wa Malezi

3.1 Kuzaa na kulea

Kitenzi -lea kinatokana na mzizi wa kale wa Kibantu unaokadiriwa kuwa na umbo *-ded-, wenye maana ya kutunza mtoto na kumkuza. Katika Kiswahili konsonanti ya pili ya mzizi imedondoka, ndiyo maana tunasema kulea. Lakini konsonanti hiyo haikutoweka kabisa. Hujitokeza kama l katika hali ya kutendwa, -lelewa, na kama z pale mzizi ulipofuatwa na kiambishi cha kuunda nomino ya mtendaji, mlezi. Katika Kinyanja umbo ni -lera, na nomino ya mtendaji ni hiyohiyo, mlezi. Mama wa Maguu anayesema Kiswahili na mama wa Liuli anayesema Kinyasa wamerithi neno moja.

Badiliko hilo la sauti si la neno hili peke yake. Tazama jozi zifuatazo:

(1) -zaa : mzazi
(2) -lea : mlezi
(3) -funda : mwanafunzi
(4) -penda : mpenzi

Katika kila jozi, sauti iliyotokana na *d, iwe imedondoka kama katika (1) na (2) au imebaki kama katika (3) na (4), hujitokeza kama z katika nomino. Kwa bahati njema maneno hayo manne yanafuatana kama hatua za nyumba moja: kupendana, kuzaa, kulea, na kufunda. Lugha yenyewe, hata hivyo, haiyachanganyi. Mzazi si lazima awe mlezi, na mlezi si lazima awe mzazi. Bibi, shangazi, mama mdogo, mama wa ubatizo, na hata mtawa anayewaandaa wanovisi huitwa walezi. Methali yasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwa kusema hivyo inatenganisha tukio la siku moja na jukumu la miaka mingi.

3.2 Methali mbili zinazopingana

Methali iliyo maarufu kuliko zote katika uwanja huu ni Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kisintaksia methali hii ina vitenzi viwili vya kutendwa, na kila kimoja kina mtenda wake: mama katika kishazi cha kwanza, ulimwengu katika cha pili. Mtoto ndiye kiima cha vitenzi vyote viwili, naye hatendi, hutendwa. Baba hayumo. Kiambishi hu- cha mazoea katika kitenzi cha pili kinatangaza kwamba matokeo hayo ni ya siku zote.

Methali hii humpa mama heshima kubwa, lakini pia humwachia mzigo peke yake. Mtoto akipotoka, wa kwanza kuulizwa ni mama. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina methali nyingine inayoirekebisha hiyo ya kwanza: Mkono mmoja haulei mwana. Ni vema wanaowahubiria akina mama waitumie methali ya pili mara nyingi kama wanavyoitumia ya kwanza. Maandiko Matakatifu nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, yanapoagiza watoto wafundishwe wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, hayamtaji mama peke yake.

3.3 Jina la mama

Katika jamii nyingi za Waswahili na majirani zao, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Skolastika, Mama Benedikto, Mama Otilia. Katika nyanda za Mbinga, ambako wamonaki Wabenediktini ndio walioleta Injili, majina ya watakatifu wa shirika hilo yameota mizizi kwa namna hii. Hapo jambo la kuvutia hutokea. Jina alilopewa mtoto wakati wa ubatizo humrudia mama, likawa jina lake katika kijiji kizima, kisimani, sokoni na shambani. Mtoto hupewa mtakatifu wa kumwombea, na mama hupewa mtoto wa kumtambulisha. Ikiwa hajui mtakatifu huyo alikuwa nani, hujibu kila siku kwa jina asilolijua. Hili ni darasa jepesi la kuanzia: kila mama aweza kumsimulia mtoto habari za jina wanalolishiriki.

4.0 Historia Mbili, Lugha Mbili za Sala

Injili iliingia katika eneo hili kwa njia mbili. Kwa upande wa ziwa walikuja wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliofanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao mwaka 1885. William Percival Johnson alizunguka vijiji vya mwambao kwa miongo kadhaa, kwa miguu na kwa meli ya misheni, hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Johnson alifanya kazi kubwa ya tafsiri katika Kinyanja cha Likoma, na hakuziacha lugha nyingine za ufuoni. Kwa hiyo Mkristo wa kizazi cha kwanza huko mwambao aliweza kusikia Maandiko na sala katika lugha iliyo yake, au ya jirani yake wa karibu. Mwambao huo ulikuja kuwa sehemu ya Dayosisi ya Ruvuma ya Kanisa Anglikana, iliyoundwa mwaka 1971.

Kwa upande wa milima walikuja Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, ambao misheni yao ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Spiss aliandika juu ya Kingoni kabla hajauawa, akiwa askofu, katika Vita vya Maji Maji mwezi Agosti 1905. Padre Häfliger wa shirika hilohilo alichapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Wamonaki hao hawakuzidharau lugha za wenyeji, bali walizisoma. Lakini kadiri shule na mtambo wa uchapaji wa Peramiho vilivyokua, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya vitabu vya sala, katekisimu na majarida. Mtaguso uliporuhusu lugha za watu katika liturujia mwaka 1963, lugha iliyochukua nafasi ya Kilatini hapa nchini ilikuwa Kiswahili. Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986 kutoka Jimbo la Songea, lilizaliwa likisali kwa Kiswahili.

Mpaka kati ya historia hizo mbili haukuwa mkali kamwe. Wako Wakatoliki ufuoni na Waanglikana mlimani, na ndoa zimeunganisha pande zote. Jambo la kuzingatia ni kwamba leo pande zote mbili husali zaidi kwa Kiswahili, ila si kwa Kiswahili kilekile. Tutaona hivi punde tofauti hiyo inamfikiaje mtoto.

5.0 Sala Ndani ya Nyumba

5.1 Kutoka nipe hadi utupe

Mtoto mdogo anayeanza kusema huomba hivi:

(5) Nipe maji.

Mama mwenye adabu humrekebisha:

(6) Naomba unipe maji.

Kimofolojia tofauti kati ya nipe na unipe ni kiambishi u- cha nafsi ya pili. Katika (5) anayeombwa hatajwi na kitenzi. Ombi linamwelekea kama amri. Katika (6) anayeombwa amewekwa mbele ya kitenzi, naye anapewa nafasi ya kukubali au kukataa. Somo hili la adabu hutolewa mara nyingi kwa siku, jikoni na mezani, bila mama kufikiri kwamba anafundisha sarufi.

Sasa tuzitazame sala. Vitenzi vinavyotawala katika sala za Kiswahili ni vya umbo la utupe, utusamehe, utuombee, utuhurumie. Hili ndilo umbo la (6), si la (5). Mtoto aliyezoezwa kusema unipe mbele ya mamaye ameshaandaliwa sarufi ya kusema na Mungu. Mtoto aliyeachwa aamrishe jikoni atalikariri neno utupe kanisani, lakini kwake litakuwa mlio wa ibada usio na uhusiano na maisha yake.

Kuna badiliko la pili, nalo ni zito zaidi. Katika unipe yambwa ni ni-, mimi. Katika utupe yambwa ni tu-, sisi. Sala kuu ya Wakristo haina kiambishi cha yambwa cha nafsi ya kwanza umoja hata mahali pamoja. Mtoto anayeomba kwa umbo hilo anawaombea pia ndugu yake aliyemnyang'anya kipande cha muhogo asubuhi, na jirani ambaye mama hasemezani naye. Mama akimwuliza mtoto swali moja tu, “Tunaposema utupe, sisi ni akina nani?”, na kumwacha ahesabu kwa vidole watu walio ndani ya silabi hiyo moja, amefundisha katekisimu ya upendo kwa jirani ndani ya dakika chache.

5.2 Mkate na riziki

Wakatoliki husali wakitaja mkate wa kila siku. Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952 na kutumiwa na makanisa mengi yasiyo ya Kikatoliki, imetumia neno riziki katika aya hiyohiyo ya Mathayo. Tofauti hii yaonekana ndogo kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto ni kubwa.

Mkate ni kitu. Mtoto wa mlimani ameuona mkate dukani au siku ya sikukuu, lakini chakula chake cha kila siku ni ugali na maharage. Akiachwa bila maelezo, aweza kudhani anamwombea baba yake fedha za kununua kitu cha dukani. Riziki si kitu bali ni dhana. Neno hili lenye asili ya Kiarabu linabeba kila kimfikiacho mtu kwa majaliwa: chakula, kazi, afya. Mke wa mvuvi anayemsubiri mumewe alfajiri, asijue kama atarudi na usipa au na nyavu tupu, hahitaji kamusi ili kuelewa riziki ni nini.

Basi je, riziki ni tafsiri bora? Si lazima. Neno mkate lina kitu ambacho riziki haina: linamfungulia mtoto mlango wa kuelekea altareni. Mtoto atakapopokea Komunyo ya Kwanza atakutana na neno lilelile alilolitamka tangu utotoni, na mama atapata nafasi ya kumwonyesha kwamba ombi la nyumbani na karamu ya kanisani vina uhusiano. Kila tafsiri hutoa kitu na kunyima kitu. Kazi ya mlezi ni kukirudisha kile ambacho tafsiri yake imekinyima: kwa mama Mkatoliki, kueleza kwamba mkate unajumlisha ugali, muhogo na kazi ya mikono, kwa mama Mwanglikana, kueleza kwamba riziki ya kila siku huonekana pia katika mkate unaomegwa mezani pa Bwana.

5.3 Kishawishi na majaribuni

Jozi ya pili ni kishawishi na majaribuni. Neno kishawishi limeundwa kwa kiambishi ki- na mzizi wa kitenzi -shawishi. Ni kile kimvutacho mtu afanye asilopaswa. Neno majaribuni limeundwa kwa nomino majaribu na kiambishi -ni cha mahali. Ni mahali au hali ya kupimwa. La kwanza lamwelekeza mtoto atazame kilicho mbele yake kinachomvuta; la pili lamwelekeza atazame hali aliyoingia.

Ugumu kwa mtoto ni wa aina mbili. Kishawishi hakisikiki mara kwa mara nje ya kanisa, hivyo mtoto hukipa maana yoyote iliyo karibu, kama yule aliyefikiri ni shimo. Majaribuni, kinyume chake, lafanana mno na maneno ya shuleni, jaribio na majaribio. Mtoto wa darasa la pili aweza kusali kwa bidii ili aepushwe na mtihani wa hesabu. Tiba ni moja kwa wote wawili: mfano wa nyumbani. Sukari iliyoachwa juu ya meza wakati mama yuko shambani ni kishawishi. Mchana ule mzima ambao mtoto yuko peke yake na sukari ile ni majaribu. Akiyaelewa hayo mawili, ataisali sala ya upande wowote kwa akili.

5.4 Nyumba yenye sala mbili

Suala hili huwa la kweli zaidi pale msichana wa Kianglikana kutoka ufuoni anapoolewa mlimani katika ukoo wa Kikatoliki, au kinyume chake. Mara nyingi hutarajiwa kwamba afuate Kanisa la mumewe. Akifuata, anatakiwa awasalishe watoto kwa maneno ambayo si yale aliyopokea kwa mama yake. Ulimi wake wafika kwenye riziki, naye anajizuia na kusema mkate. Hii si hitilafu ya kumbukumbu tu. Maneno ya sala aliyoyapokea mtu utotoni yamefungamana na sauti ya aliyempa, na kuyaacha ni kama kuiacha sauti hiyo.

Maandiko yanatupatia kielelezo kilicho karibu na hali hii. Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo sura ya 1, anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi, Loisi, kisha kwa mama, Eunike, ndipo ikafika kwa kijana. Matendo ya Mitume sura ya 16 yaeleza kwamba mama huyo alikuwa Myahudi aliyeamini, na baba alikuwa Myunani. Nyumba ile, basi, ilikuwa na asili mbili chini ya paa moja, na imani ikapita salama kwa njia ya wanawake wa vizazi viwili. Haikupita kwa kuificha asili ya mmoja wao.

6.0 Wakati wa Kufundisha

Msomaji aweza kuuliza: mama huyu atapata wapi muda wa kufafanua viambishi? Swali ni halali. Kilimo cha ngolo, ambacho Wamatengo wanajulikana nacho, kinatoa picha ya mzigo wenyewe. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kama miraba kwenye mteremko; wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, wakiacha mashimo yanayozuia mmomonyoko. Kazi hiyo ya jembe ni ngumu, na baada yake kuna kuni, maji, kupika na kuuguza.

Hapo zamani malezi hayakutegemea mtu mmoja. Wamatengo walikuwa na utaratibu wa sengu, ambapo watu wa ukoo mmoja walikula pamoja, wakajadili mambo yao na kuwaonya vijana. Utaratibu huo umedhoofika, na chakula cha pamoja kimehamia ndani ya kila nyumba. Kwa Wakatoliki, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, zimechukua sehemu ya nafasi hiyo, na WAWATA, iliyoanzishwa mwaka 1972, imewakusanya wanawake katika ngazi ya parokia. Umoja wa Mama hufanya kazi kama hiyo kwa Waanglikana. Vyama hivi ni mikono mingine ya kulea mwana, mradi visije vikawa mikutano mingine tu ya kumwongezea mama uchovu.

Wapo pia watakaosema kwamba mtoto hahitaji kuelewa. Akariri kwanza, maana itakuja. Kuna ukweli hapa. Sala iliyokaririwa ni akiba. Mtu huifikia siku ya ugonjwa au msiba, wakati akili imeshindwa kutunga maneno yake. Lakini akiba isiyojulikana thamani yake hutupwa kirahisi. Kijana anayehamia Songea au Dar es Salaam akiwa na maneno matupu hana cha kujibu anapoulizwa anaamini nini.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba msamiati wenyewe wa Kiswahili hutofautisha kuzaa na kulea. Kwamba historia imewapa Wakristo wa milimani na wa ufuoni maneno tofauti ya sala moja. Na kwamba sarufi ya adabu ya nyumbani ndiyo sarufi ya sala. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mama achague neno moja la sala kwa juma na kulieleza kwa mfano wa nyumbani, wakati wa kumenya muhogo au kuchambua maharage. Hakuna muda mpya unaohitajika.

Pili, bibi aachwe asimulie habari za Biblia kwa Kimatengo, Kimpoto au Kinyasa, hata kama mjukuu anamjibu kwa Kiswahili. Mtoto huelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Bibi akinyamazishwa kwa sababu lugha yake haimo kitabuni, Loisi ameondolewa katika mnyororo, na Eunike amebaki peke yake.

Tatu, katika nyumba zilizounganisha madhehebu, watoto wafundishwe sala ya Kanisa lao, na pia waambiwe neno ambalo mama au baba alilisema utotoni. Mtoto anayejua mkate na riziki hajachanganyikiwa. Ana maneno mawili ya kumshukuru Mungu mmoja.

Nne, wanaoandaa mafundisho kwa ajili ya akina mama, makatekista na viongozi wa vyama, wasiishie kwenye maswali na majibu ya kukariri. Watoe maana ya maneno, na watoe nafasi kwa akina baba wakae na kusikiliza, maana kiambishi tu- katika utupe kinawahusu nao.

Mwanaisimu hana mamlaka ya kufundisha imani. Anachoweza ni kuonyesha njia ambayo maneno ya imani hupitia, na mahali ambapo huanguka. Kuyaokota ni kazi ya yule aliyeketi karibu zaidi na mtoto.